Moshi wa Jikoni na Fedha za Serikali

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kwanza ya sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Bwana Mwandishi amenipa dakika 20, naye amenionya kwamba mbuzi wako motoni na ngoma za vijana zimekwisha wambwa. Basi sitawachosha kwa maneno ya mzunguko. Walionitangulia wamesifu ghala yetu, mizani yetu na mtambo wetu wa kumenya kahawa, nazo ni sifa za haki. Mimi nimetakiwa kusema juu ya mahali ambapo tangu asubuhi hapajatajwa na mtu, ijapokuwa kila mmoja wetu amekula chakula kilichotoka huko. Nitasema juu ya jiko, na moto uwakao ndani yake, na fedha zinazotengwa na Serikali ili moto huo ulete manufaa zaidi kuliko moshi.

Baadhi yenu mwanifahamu. Kwa miaka 22 nilikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika tarafa hii, ingawa wazee hawakuacha kuniita Bibi Maendeleo kwa desturi ya zamani, na leo mimi ni mwanachama mwenye miti 600 ya kahawa kama ninyi. Wengine mwanifahamu kwa jambo jingine lisilopendeza, nalo afadhali nilitaje mwenyewe kabla halijatajwa na mtu wa viti vya nyuma.

Katika mwaka wa pili wa Chama hiki alitujia mfanya biashara mmoja na majiko ya bati yenye kauri ndani, yaliyopakwa rangi nzuri ya kijani. Alitueleza kwamba nusu ya bei imekwisha lipwa na wafadhili, na kwamba nusu iliyobaki itakatwa katika malipo ya pili ya kahawa. Mimi ndimi niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwashawishi akina mama. Majiko 140 yalichukuliwa. Kabla ya masika ya pili kauri za mengi zilikuwa zimepasuka, kwa kuwa hazikuchomwa vya kutosha. Nasi tulipompigia simu yule bwana, simu haikuita tena. Majiko yalikufa, lakini makato hayakufa. Yaliendelea mpaka shilingi ya mwisho, maana ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na aliyeusoma mkataba ule mkutanoni kwa sauti, kisha akasema kwamba hauna kasoro, ni mimi. Kuna bibi mmoja ng'ambo ya mto aliyeligeuza jiko lake kuwa kiota cha kuku, na kila nipitapo kwake huniita nikaone mayai.

Kesho mtapiga kura juu ya Hoja ya 7, isemayo kwamba Chama Kikuu kikate Sh. 40 katika kila kilo ya kahawa, kwa misimu miwili, ili kuanzisha Mfuko wa Majiko utakaowakopesha wanachama. Najua kwamba hoja hiyo haipendwi, na nimekwisha waambia mojawapo ya sababu. Ipo na sababu ya zamani zaidi. Sisi ni watu wa nchi yenye historia ndefu ya ushirika: wakulima wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na chama kikuu chao, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933. Lakini wazee waliopo hapa wanakumbuka pia mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa kwa amri, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Mtu aliyeona ghala aliyoijenga kwa makato yake ikichukuliwa na wengine, halaumiwi akisikia neno "makato" akashika mfuko wake. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba mna woga. Nimekuja kueleza habari kama nizijuavyo, nanyi mtaamua.

Nianze na moto wenyewe. Mafiga matatu yana sifa zake: hayanunuliwi; hupokea chungu cha ukubwa wowote; wazee na watoto huota moto wake; na moshi wake hukausha mahindi darini na kufukuza wadudu. Asiyezikiri sifa hizo hajapata kuishi katika nyumba ya mafiga. Lakini tazameni joto lake liendako. Waliopima wamekuta kwamba katika sehemu 100 za nguvu iliyomo katika kuni, sehemu 10 hadi 15 tu, au zaidi kidogo kwa mpishi mwangalifu, ndizo zinazoingia chunguni. Zilizobaki hupita pembeni, hupanda darini, au hutoka mlangoni pamoja na moshi. Jiko lililojengwa vema, lenye kuta za udongo, mdomo mwembamba na nafasi ndogo kati ya chungu na ukuta, huweza kuingiza sehemu 25 au zaidi. Haliongezi nguvu ya kuni hata kidogo. Kazi yake ni kuuzuia moto usitoroke.

Mimi, baada ya yale ya majiko ya kijani, sikutaka tena kusadiki kwa kusikia. Nilipostaafu niliazima mizani ya kahawa ya chama chetu cha msingi (mtunza ghala yupo, atanishuhudia) nikapima kuni zote zilizoingia jikoni mwangu kwa juma zima, nikiwapikia watu 7. Mafiga yalikula kilo 43. Juma lililofuata nilipikia jiko la matofali lililojengwa na fundi wa hapa hapa, watu wale wale, chakula kile kile. Nalo lilikula kilo 27. Tofauti yake ni kilo 16. Akina baba, kilo 16 ni mzigo mmoja wa kichwani, na mzigo mmoja ni safari moja ya kwenda bondeni na kurudi, nayo safari hiyo kwangu ni saa nne. Sijafanya hesabu kwa nyumba za wengine, na hesabu ya jikoni kwangu si sheria. Lakini mizani hiyo ndiyo mnayoiamini kila msimu kwa kahawa yenu, na sioni kwa nini iwe mwongo kwa kuni.

Niongeze, maana halihitaji fedha ya Serikali wala ya mtu yeyote, kwamba nusu ya ubadhirifu wa moto ni mazoea tu. Kuni mbichi hutumia nguvu yake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuchemsha ya chunguni. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yaliyotiwa makavu. Chungu chenye mfuniko hakipotezi mvuke. Mambo haya niliyafundisha kwa miaka 22, na bado nikiingia jikoni mwa binti yangu nakuta chungu kiko wazi.

Wenzetu wa mjini wanatumia mkaa, na hapo hasara huanza porini. Tanuri la udongo, kama lijengwavyo na wachomaji wengi, hutaka kilo 6 hata 10 za kuni ili kupata kilo 1 ya mkaa. Kwa hiyo anayesema kwamba mkaa ni safi kuliko kuni atazame pia mahali ulikotoka. Serikali imesema mara nyingi kwamba nchi yetu hupoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka. Sisemi kwamba zote huishia jikoni, maana mashamba mapya nayo hula msitu, tena sana. Lakini sehemu ya jiko si ndogo.

Sasa juu ya afya, na hapa nataka kuwa mkweli kuliko nilivyokuwa zamani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na waliomo ni watoto wengi wachanga. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba jiko banifu litawaondolea watoto kikohozi. Baadaye nikasoma habari za jirani zetu wa Malawi. Huko watafiti waligawa majiko ya kuni yenye kuwaka vizuri katika maelfu ya nyumba za Chikhwawa na Karonga, wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Na matokeo yalipotolewa mwishoni mwa mwaka 2016, ilionekana kwamba homa ya mapafu haikupungua. Watoto waliokuwa na majiko hayo waliungua kwa uchache zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa mzazi. Lakini mapafu hayakupona, kwa sababu moshi uliopungua bado ni moshi mwingi, na nje ya nyumba kuna takataka zichomwazo na moto wa jirani. Basi neno langu la leo ni hili: jiko banifu la kuni huokoa kuni, mgongo na saa za mwanamke. Anayetaka kuokoa pumzi hana budi kupata dohani ya kutolea moshi nje, au aende mbele zaidi kwenye gesi na umeme.

Na huko mbele ndiko Serikali inakotaka twende. Mwezi wa Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka 10 kuanzia 2024 mpaka 2034. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Katika mwezi huo huo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya mapishi ya Afrika, ambao ahadi zake zilifikia dola za Kimarekani bilioni 2.2. Hizo ni ahadi. Nasi wakulima twajua tofauti ya bei ya kuahidiwa na bei ya kulipwa mkononi.

Fedha zilizo karibu nasi zaidi ni za Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 pamoja na Mfuko wake. Wengi hufikiri kwamba fedha za mfuko huo hutoka kwa wafadhili peke yao au hushuka kutoka mbinguni. La! Kila mmoja wetu mwenye umeme, anunuapo uniti, asilimia 3 huwekwa kando kwa ajili ya mfuko huo. Na mafuta yaliyomo katika pikipiki iliyowaleta hapa leo yametozwa vile vile. Tukienda kuomba ruzuku ya majiko, tutakuwa tunadai sehemu ya mchango wetu wenyewe, wala hatupaswi kusimama mlangoni mwa ofisi tukivua kofia kama watu waombao sadaka.

Wakala huo umegharimia mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa watu wa vijijini, ikauzwa kwa nusu ya bei. Kadhalika umegharimia sehemu kubwa ya bei ya majiko banifu. Nimeona mitungi hiyo katika vijiji vya bondeni. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini nimeona pia mitungi iliyowekwa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha ya harusi. Mtungi ulinunuliwa kwa nusu bei. Gesi ya kuujaza tena ni bei kamili, tena fedha yake yatakiwa yote kwa mara moja, katika mwezi ambao kahawa haijauzwa. Kuni hununuliwa kidogo kidogo au haununuliwi kabisa. Basi mtungi hukaa.

Si kwetu tu. Serikali ya India ilianza tarehe 1 Mei 2016 mpango mkubwa wa kuwapa wanawake wa nyumba maskini gesi bila ya kulipa amana, na ilipofika Septemba 2019 ilikuwa imekwisha fikia nyumba milioni 80. Hapana nchi iliyopata kufanya kazi kama ile kwa upesi namna ile. Hata hivyo nyumba nyingi hazikurudi kujaza mara nyingi, zikaendelea kupikia kuni na samadi kavu kando ya jiko jipya, mpaka Serikali hiyo ikalazimika mwaka 2022 kuweka ruzuku ya rupia 200 katika kila mtungi unaojazwa, na mwaka 2023 ikaifanya rupia 300. Walitambua kwamba kumpa mtu jiko ni rahisi kuliko kumwezesha kuliwasha.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mafunzo mawili, moja tamu na moja chungu. La tamu ni jiko la kauri. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi wa jua kali walichukua mfano wa jiko la Thailand, wakalibadili kwa umbo la jiko la bati lililozoeleka, wakatia kauri ndani. Nalo likaenea mijini mpaka leo halihitaji mhubiri. Jambo la kutazama ni kwamba halikuenea kwa kugawiwa bure. Fedha ya wafadhili ilitumika kufundisha mafundi na kusahihisha makosa (maana ya kwanza nayo yalipasuka, kama yale yetu ya kijani) na kisha soko likafanya kazi yake. La chungu ni kodi ya gesi. Mwaka 2016 Serikali ya huko iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani. Julai 2021 ikairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ikaipunguza iwe asilimia 8. Na mwaka 2023 ikaiondoa tena. Mama aliyeacha mkaa kwa sababu ya bei ya mwaka wa kwanza alijikuta mwaka wa tano hajui afanye nini. Sera ya namna hiyo ni kama mvua ya vipande vipande. Humharibia mkulima kuliko ukame aliokwisha jiandaa nao.

Mniruhusu nivuke bahari kidogo. Mtaniuliza, Waingereza wana nini na mafiga yetu? Wao hawapiki kwa kuni, lakini nyumba zao hula nishati nyingi katika kuota joto, maana baridi yao si ya Juni tu. Nyumba ikiwa na nyufa na dari tupu, joto walilolilipia hutoka nje, sawasawa na joto la mafiga. Kuanzia mwaka 2000 mpaka 2013 Serikali yao ilikuwa na mpango wa kuziba nyumba za watu wenye kipato kidogo huko England na kuwawekea vyombo vya joto kwa ruzuku, nao ulisaidia nyumba kama milioni 2.3. Kisha, mwaka 2013, walianza mpango mwingine ulioitwa Green Deal, nao ulikuwa wa mikopo: mtu akarabati nyumba yake, alipe kidogo kidogo katika hati yake ya umeme, na malipo hayo yasizidi akiba atakayoipata. Kwa maneno ulikuwa mzuri sana. Lakini riba yake ilikuwa yapata asilimia 7, makaratasi yake mengi, na faida yake haikuonekana kwa macho ya mwenye nyumba. Mpaka ulipokatwa fedha mwaka 2015 nyumba zilizokuwa zimechukua mikopo hiyo zilikuwa kama 14,000 tu, na wakaguzi wa hesabu walikuta kwamba ulikuwa umeigharimu Serikali pauni milioni 240, ambazo ni pauni 17,000 hivi kwa kila mkopo. Kwa pauni 17,000, ndugu zangu, mtu angaliijenga nyumba nzima huku kwetu pamoja na jiko lake na choo chake.

Wakajaribu tena. Septemba 2020 walitenga pauni bilioni 1.5 ili kuzikarabati nyumba 600,000 kwa miezi michache. Mafundi wenye vyeti hawakutosha, maombi yakajaa, watu wakangoja. Na ilipofika mwisho wa Machi 2021 mlango ukafungwa, huku nyumba zilizotazamiwa kunufaika zikiwa kama 47,500. Waingereza wana fedha na wana maafisa waliosoma. Walilolikosa ni muda, maana fundi hapatikani kwa tangazo la redioni. Na mafundi waliojifunza kazi hiyo kwa haraka waliachwa bila kazi mpango ulipokufa.

Narudi kwetu, kwa maana ndiko mbuzi waliko. Nimeitaja mipango hiyo yote ili mwone kwamba ruzuku ya Serikali, hata ikiwa kubwa, ina shimo mahali fulani: ama inamfikia mtu mara moja na kumwacha, ama inakuja na kuondoka, ama inapita kwa mtu wa kati asiyejulikana anakokaa. Chama cha ushirika kinaweza kukaa katika shimo hilo. Sisi hatuondoki. Ofisi yetu inajulikana, na mwenyekiti wetu akikosea tunajua nyumba yake.

Chukueni habari ya gesi. Mwanachama akiwa na fedha mwezi wa malipo, naye akakosa mwezi wa Machi, Mfuko waweza kumjazia mtungi mwezi wa Machi na kukata katika malipo yake ya kahawa. Hilo Serikali haiwezi kulifanya, hata ikitaka, maana haijui kilo zake, sisi tunazijua. Na kwa vijiji vyenye umeme, kuna chungu cha umeme cha presha, ambacho wengi wetu tunakidharau kwa kuwa tunafikiri umeme ni ghali. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa Sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi, na chungu hicho huivisha maharage ya nyumba bila kumaliza uniti moja. Angalieni tu msivuke hizo uniti 75, maana mkishahamishwa kwenda daraja la juu bei hupanda karibu mara tatu. Na huo, kwa maoni yangu, ni upungufu katika sera yenyewe, kwa kuwa humwadhibu yule yule aliyetii wito wa kuacha kuni. Ningependa Chama Kikuu kiandike barua juu ya jambo hilo, na kiandike kwa adabu, lakini kiandike.

Kuna malalamiko mengine niliyoyapata kwa bibi wa mayai, nami siwezi kuyapuuza. Alinijibu hivi nilipomsihi ajenge jiko la matofali: kwamba jiko lisilopoteza joto humwachia nyumba baridi, na yeye ana miaka 78. Alikuwa na haki. Joto lipoteapo katika mafiga, katika milima hii, mwezi wa Juni na Julai, si hasara tupu. Ndilo blanketi la wazee. Kwa hiyo nyumba yenye mzee haitoshi kupewa jiko. Yahitaji dari chini ya bati, na nyufa za madirisha zizibwe, ili joto dogo litoshe. Dari ya mbao za mgrevilea haina bei ya kutisha, na miti tunayo mashambani. Sijaona mpango wa Serikali unaogharimia dari kwa ajili ya baridi ya vijijini. Hiyo nayo iwemo katika barua.

Sasa juu ya Hoja ya 7 yenyewe. Kama ilivyoandikwa siipendi, nami namwomba radhi Bwana Mweka Hazina aliyekesha akiiandika. Inasema kwamba Mfuko utamlipa mtengenezaji majiko yakifika ghalani. Hivyo ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza. Naomba wajumbe waibadilishe isomeke kwamba fundi atalipwa nusu jiko likiisha kujengwa, na nusu ya pili baada ya masika mazima, likiwa bado linapikiwa. Na kwamba jiko likifa kabla ya hapo, makato ya mwanachama yafe siku ile ile. Fundi mwema hataogopa sharti hilo. Nimewauliza mafundi watatu wa hapa, na wawili wamekubali.

Tena, hoja yasema kwamba mkopo utatiwa sahihi na "mwanachama." Katika kitabu chetu wanachama wengi ni waume. Jiko ni la mke. Nimeona nyumba ambamo baba alichagua jiko la kauri dogo, lizuri kwa kuchemshia chai, na mama ana chungu cha kupikia watu 9 ambacho hakiketi juu yake. Pawepo na sahihi mbili, naye apikaye ndiye achague ama jiko la matofali, ama mtungi, ama chungu cha umeme, ama dari. Najua kuna watakaosema kwamba hilo ni kuingilia mambo ya nyumba za watu. Kahawa yenyewe huchumwa na nani?

Fedha hizo zisichanganywe na fedha za mazao. Ziwe katika hesabu yake peke yake benki, na karatasi ya hesabu ibandikwe mlangoni pa kila chama cha msingi kila miezi mitatu, ili hata asiyefika mkutanoni aisome. Na kabla ya kukata hata senti moja, Halmashauri iwaandikie REA kuuliza ni ruzuku gani iliyopo msimu huu kwa wilaya yetu, maana ni upumbavu kukopa kwa bei kamili kitu ambacho jirani anauziwa kwa nusu.

Kama mabadiliko haya yakikataliwa, mimi mwenyewe kesho nitapiga kura ya kuikataa hoja, nami nawaambia mapema ili msishangae. Yakikubaliwa, nitakuwa mtu wa kwanza kukatwa, kwa kilo zangu zote, na sitachukua mkopo mpaka wale 140 wa majiko ya kijani wawe wamepata kwanza, bila riba. Orodha yao ninayo. Nimeitunza miaka yote hii katika kasha la nguo, na leo asubuhi nimemkabidhi Bwana Mwandishi.

Anayetaka kuona jiko la matofali, lipo nyuma ya ghala. Fundi alilimaliza juzi, na chai mtakayokunywa sasa hivi imechemshwa humo. Kuni zilizotumika zimepimwa, na idadi ya kilo imeandikwa kwa chaki ukutani.